JESHI LA JIRANI: NANI ALILIITA, NA LITAONDOKA LINI?



Katika njia itokayo Uvira kwenda Baraka, kati ya milima na Ziwa Tanganyika, iko Lusenda. Hapo mwaka 2015 ilifunguliwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, nao wakafika zaidi ya watu 20,000. Waliowapokea ni watu wa Fizi, ambao wengi wao walikuwa wakimbizi kabla yao. Katika vita vya 1996 na vya 1998 walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakakaa miaka mingi Nyarugusu na Lugufu, katika mkoa wa Kigoma, kisha wakarudi kulima mashamba yaliyokuwa yamegeuka msitu. Basi Lusenda aliyekimbia zamani anaishi na aliyekimbia juzi, na wote wawili wanalijua jambo tutakalolisema leo.

Jambo lenyewe ni hili: nchi ikiingia katika fujo, je, jirani mwenye nguvu ana haki ya kuvuka mpaka na jeshi lake?

Mrundi wa Lusenda atakuambia habari za jeshi lisilokuja. Mwezi wa Desemba 2015 alisikia redioni kwamba Umoja wa Afrika unaleta askari Bujumbura, akangoja, na hakuna aliyekuja. Mkongomani wa Lusenda atakuambia habari za majeshi yaliyokuja bila kuitwa, yakala, yakaua, yakakawia kuondoka. Wote wawili wanasema kweli. Asikilizaye mmoja tu atapotea.

Twaandika haya kwa sababu mazungumzo haya yamerudi kwa nguvu. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 walitwaa Goma, na Februari wakatwaa Bukavu. Desemba 2025 waliingia Uvira, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia sahihi mkataba Washington tarehe 4 mwezi huohuo. Baadaye walitangaza kwamba watauacha mji. Kati ya Uvira na Lusenda ni safari ya gari ya saa chache. Nao watu wamegawanyika. Huyu husema, afadhali jirani wa upande huu aje atulinde. Yule husema, afadhali wa upande ule. Kila mmoja amejichagulia askari wake wa kigeni na kumpigia makofi.

Sisi twasema: kabla ya kupiga makofi, tuulize.

JINSI WANAVYOINGIA

Mwenye nguvu haingii kwa kusema, "Nimekuja kuwatawala." Hata mabeberu wa zamani hawakusema hivyo. Huja na sababu nzuri mkononi, na mara nyingi sababu ile ina kweli ndani yake. Tumezihesabu sababu hizo katika historia yetu, nazo si nyingi.

Sababu ya kwanza ni hii: "Tumekuja kuokoa watu wetu." Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye askari wa Force Publique waliasi, kwa maana Jenerali Janssens, mkuu wao Mbelgiji, alikuwa ameandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru mambo ni yaleyale. Wazungu walipigwa, wengine walidhulumiwa vibaya, na hilo hatulifichi. Tarehe 10 Julai majeshi ya Ubelgiji yakatoka katika kambi zao yakaingia Elisabethville. Mkataba wa urafiki ulisema wasitoke bila kuombwa na Waziri wa Ulinzi wa Kongo. Waziri huyo alikuwa Patrice Lumumba mwenyewe, naye hakuwaomba. Kesho yake, tarehe 11, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, huku askari wale wakiwa wamesimama nyuma yake.

Wananchi, itazameni tarehe hiyo vizuri. Siku moja wanaokoa watu, siku ya pili jimbo lenye shaba limekatwa kutoka katika nchi. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa katika Katanga hiyohiyo. Ubelgiji ilichukua zaidi ya miaka 40 kukiri kupitia tume ya bunge lake kwamba ina deni la dhamiri katika kifo kile.

Mwaka 1964 sababu hiyo ilirudi. Waasi wa Simba waliitwaa Uvira na Fizi, wakafika Stanleyville mwezi wa Agosti, wakawashika wageni mateka. Kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, chini ya Mzee Jomo Kenyatta, ilikuwa Nairobi ikitafuta mapatano. Mazungumzo hayajafika mwisho, tarehe 24 Novemba ndege za Marekani zikawadondosha askari wa miavuli wa Ubelgiji, zaidi ya 300, juu ya Stanleyville. Uingereza ilikuwa imewapa kisiwa chake cha Ascension wapumzike njiani. Wageni karibu 2,000 waliokolewa, na makumi wakauawa. Siku chache tu wale wa miavuli wakaenda zao. Lakini mji waliuacha mikononi mwa askari wa serikali na mamluki, na Wakongomani waliouawa baadaye kwa kisasi ni wengi kupita wale wote waliokolewa. Hao hawakupelekewa ndege.

Sababu ya pili: "Tumeitwa na serikali." Hii ndiyo yenye haki kupita zote, ikiwa aliyeita ni serikali ya kweli na amejua atafanya nini kesho. Mfano mwema tunao ng'ambo ya ziwa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza, walioachia utawala miaka miwili tu iliyopita. Tarehe 25 makomando wakashuka kutoka manowari Centaur, na kwa saa chache uasi ukaisha. Mwalimu hakujisifu. Alisema wazi kwamba ni aibu kwa nchi yake. Mwezi uliofuata akawaita mawaziri wa Afrika Dar es Salaam, akaomba askari wa Kiafrika washike mahali pa Waingereza. Wakaja Wanaijeria, Waingereza wakaondoka. Kisha Tanganyika na Zanzibar zilizoungana zikajenga jeshi jipya, lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na Wanaijeria nao wakarudi kwao.

Hapo kuna mafundisho matatu. Aliyeita alikuwa na haki ya kuita. Alianza kutafuta njia ya kumtoa mgeni siku ileile mgeni alipoingia. Na aliponya ugonjwa uliomfanya aite, yaani jeshi lake mwenyewe.

Linganisha na sisi. Mwaka 1998 Rais Laurent Kabila aliita Zimbabwe, Angola na Namibia zimsaidie, na zilimwokoa. Tangu 2022 askari wa Burundi wamekuja Kivu ya Kusini kwa mapatano na Kinshasa. Jeshi la Afrika Mashariki liliingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2022 likaondoka mwisho wa 2023. Likaja la nchi za Kusini mwa Afrika, na Machi 2025 nalo likavunjwa. Askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kivu ya Kusini Juni 2024. Tunaita, wanakuja, wanaondoka, tunaita wengine. Tanganyika iliita mara moja ikajenga jeshi. Sisi tumejenga desturi ya kuita.

Sababu ya tatu: "Tunalinda mpaka wetu." Hii ndiyo iliyotuumiza kupita zote, na hapa ni lazima tuseme kwa haki. Mwaka 1994 Rwanda ilitokwa na damu ya mauaji ya kimbari, na wauaji wengi walikimbilia Kivu na bunduki zao, wakajificha kambini kati ya wanawake na watoto, wakawa wanavuka usiku kwenda kuua. Serikali ya Mobutu iliwaacha. Jirani yeyote angekosa usingizi. Lakini jeshi lililovuka mwaka 1996 kufunga kambi halikusimama kambini. Pamoja na AFDL ya Laurent Kabila liliingia Uvira mwezi wa Oktoba, na tarehe 17 Mei 1997 lilikuwa Kinshasa. Ofisa wa Rwanda akawa mkuu wa majeshi ya Kongo.

Mwaka 1998 Kabila alipowaambia warudi kwao, vita vya pili vilianza tarehe 2 Agosti, na siku mbili baadaye ndege zilizotoka Goma ziliwashusha askari wa Rwanda Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Nasi twauliza, mpaka wa Rwanda unafika Atlantiki? Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili yakisema yanalinda mipaka yao, yalipigana siku sita katikati ya mji wa Kisangani, mamia ya kilometa kutoka mipaka hiyo. Raia mamia walikufa katika ugomvi wa wageni wawili ndani ya nyumba isiyo yao.

Na watu wa Fizi hawahitaji kupelekwa Kisangani ili waelewe. Makobola iko katika njia hii hii. Siku za mwisho za 1998 na za mwanzo za 1999, waasi wa RCD na askari wa nchi jirani waliokuwa pamoja nao waliua hapo mamia ya watu. Yupo mzee Lusenda asiyejua hesabu za Kisangani, lakini majina ya Makobola anayajua.

Leo Rwanda husema ina hatua za kujilinda tu, kwa ajili ya FDLR. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba majeshi yake yamepigana pamoja na M23, na tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, katika azimio namba 2773, lilitaka majeshi hayo yaondoke katika ardhi ya Kongo. Sisi hatukatai kwamba FDLR wapo na ni hatari, na serikali yetu imekosa kwa kuwavumilia. Lakini mwizi akijificha katika shamba la jirani, hukumu yake si kulichukua shamba.

Sababu ya nne haisemwi kwa sauti: "Sisi hatupo." Mwenye nguvu hubaki nyumbani, akatuma mkono wa mwingine. Mwaka 1965 Fizi na Baraka zilikuwa ngome ya mwisho ya waasi. Kutoka Kigoma alivuka Che Guevara na Wacuba wake mwezi wa Aprili, kuwasaidia. Upande wa pili, Marekani ililipa marubani na mabaharia, Wacuba vilevile, wale waliomkimbia Fidel Castro. Mwezi wa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani. Wacuba kwa Wacuba wakapigana katika nchi ya Wabembe, juu ya ugomvi ulioanzia kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari. Novemba Guevara alirudi Kigoma, na mamluki wakaenda kutafuta mshahara kwingine. Aliyebaki ni mwenye shamba, na shamba limeungua.

JESHI LISILOKUJA

Twaisikia sauti ya ndugu zetu wa kambini: "Ninyi mwasema habari za wanaoingia. Je, sisi tulioachwa?"

Ni swali la haki. Aprili 2015 chama kinachotawala Burundi kilimweka Rais Nkurunziza agombee mara ya tatu, na watu wakaingia barabarani. Mei baadhi ya majenerali walijaribu kupindua serikali, wakashindwa. Desemba, baada ya kambi za jeshi Bujumbura kushambuliwa, maiti zilionekana mitaani, na serikali yenyewe ikataja watu 87. Tarehe 17 mwezi huo Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliamua kupeleka askari 5,000, likaipa Burundi saa 96 ikubali. Burundi ilikataa. Rais wake akasema askari hao wakija bila ruhusa watapigwa kama adui. Mwisho wa Januari 2016 marais wa Afrika wakakutana Addis Ababa, nao wakarudi nyuma. Badala ya askari wakatuma ujumbe wa kuzungumza.

Sheria ilikuwapo. Katiba ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, ibara ya 4, inaupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama kwa ajili ya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Ibara hiyo iliandikwa kwa aibu ya 1994, pale dunia nzima ilipoiacha Rwanda ife. Lakini ilipofika siku ya kuitumia, kila rais aliona kesho yake mwenyewe ndani yake. Leo ni Bujumbura, kesho ni kwangu. Tena Burundi yenyewe ilikuwa na maelfu ya askari Somalia chini ya bendera hiyohiyo ya Umoja wa Afrika. Askari wake waliruhusiwa kutuliza nchi ya wengine, na wa wengine hawakuruhusiwa kwake.

Wala si kwamba Warundi hawajui kupokea askari wa kigeni. Mwaka 2003, kwa mapatano yaliyotokana na Arusha, waliwapokea Waafrika Kusini, Wahabeshi na Wamsumbiji wa Umoja wa Afrika. Mwaka uliofuata kazi ikachukuliwa na Umoja wa Mataifa, na mwisho wa 2006 ikafungwa. Watu walipiga kura, wakimbizi wakarudi, askari wakaenda kwao. Kilichofanya jambo lile liwezekane ni mapatano yaliyotangulia bunduki.

Basi hatusemi kwamba jirani asije kamwe. Tukisema hivyo tutakuwa tunawaambia wanaouawa wafe kimya kwa heshima ya mpaka. Mwaka 1978 Idi Amin alipoiteka Kagera, Tanzania ilimfukuza, na Aprili 1979 ilifika Kampala. Wako waliolalamika katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, lakini watu wa Kampala walishangilia. Hata hivyo, kumwondoa Amin kulichukua miezi sita, na kuipatia Uganda amani kulichukua miaka mingi. Majeshi yalipoondoka mwaka 1981 vita vingine vilikuwa vimekwisha kuanza. Jeshi la mgeni, hata la haki, huweza kumwondoa mtu mbaya. Kuweka watu wema si kazi yake.

MASWALI MATANO

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye bunduki hapewi jembe kwa urahisi, kwa hiyo maswali yaulizwe kabla hajavuka.

La kwanza: nani amemwita? Serikali iliyochaguliwa, baraza la Afrika, au mtu mmoja anayetaka kiti?

La pili: karatasi iko wapi? Mapatano yenye sahihi yasomwe bungeni, yabandikwe mlangoni pa kila sekta ya Fizi, kwa Kiswahili, mwananchi asome mwenyewe. Jeshi lililoingia kwa siri huondoka kwa vita.

La tatu: litasimama wapi? Aliyekuja kwa ajili ya mpaka asionekane machimboni. Dhahabu haivuki mpaka kwenda kuua mtu, basi asiilinde.

La nne: litaondoka lini, na nani atashika mahali pake? Kama hakuna tarehe, hakuna msaada hapo.

La tano: nani atalipa? Hili watu wetu hulisahau, nalo ni kubwa. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingia Kongo. Miaka 16 ikapita katika hesabu. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikatoa dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa ardhi, zilipwe kwa mafungu matano. Lakini kesi ya Rwanda, mwaka 2006, Mahakama ilisema haina uwezo wa kuisikiliza, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo. Mnaona? Jirani wawili, vita vimoja, mmoja anadaiwa na wa pili hadaiwi, kwa sababu ya sahihi moja isiyokuwapo. Ndiyo maana twasema karatasi ije kabla ya askari.

Jeshi lisiloweza kujibu maswali haya matano, liwe la Kigali, la Bujumbura, la Kampala au la mbali zaidi, tusilipokee kwa nyimbo.

MLANGO TUNAOUFUNGUA SISI

Sasa tuseme lililo chungu. Kuwatukana majirani ni kazi rahisi, na kila gazeti linaiweza. Lakini katika kila kisa tulichokieleza, mgeni alipita mahali ambapo mwenyeji alikuwa ameacha wazi.

Ubelgiji ilipita katika jeshi lililokuwa halijapata afisa Mwafrika hata mmoja. Rwanda ilipita katika kambi ambazo Mobutu alikataa kuzisafisha. Leo askari wetu akikaa miezi bila mshahara, akauza risasi au akamnyang'anya mama ndagala zake njiani, huo ni mlango. Kijana akipewa bunduki aitwe mzalendo bila kiongozi wala sheria, huo ni mlango.

Na mlango mkubwa kupita yote uko juu ya milima yetu. Tangu 2017 Minembwe na nyanda za juu zimeungua. Vijiji vya Wabembe, Wafuliru na Wanyindu vimechomwa, na vya Wanyamulenge vimechomwa, na ng'ombe wao wameibwa kwa maelfu. Kila upande huhesabu maiti zake na kusahau za wenzake. Mnyamulenge akiitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa babu yake, ni nani atakayemwambia, "Njoo kwangu, nitakulinda"? Na Mbembe akichomewa kijiji na wenye bunduki za jirani, ni nani atakayemwuzia bunduki nyingine? Anayechoma nyumba ya jirani yake milimani anaandika barua ya kuliita jeshi la kigeni, hata kama hajui kusoma.

Na kambi zetu pia. Mwaka 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema kwamba wakimbizi wa Burundi waliandikishwa katika kambi ya Mahama, Rwanda, wakafundishwa vita. Hatutaki neno hilo lisemwe juu ya Lusenda. Mkimbizi asichukuliwe askari na mtu yeyote, wala wa upande wa Bujumbura wala wa upande wa adui zake. Siku kambi itakapokuwa kambi ya jeshi, itapigwa kama kambi ya jeshi, na watakaokufa ni watoto. Tuliyaona mwaka 1996.

Tunataka, basi, mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya Washington wala ya Addis Ababa. Serikali ilipe askari wake kwa wakati, na imshtaki anayeiba. Wabunge wa Fizi wadai kusomewa mapatano yote ya majeshi ya kigeni yaliyoko Kivu ya Kusini. Bami, wachungaji, mashehe na wakuu wa vyama wa makabila yote wakutane, na Wanyamulenge wawemo. Mkutano ule ufanyike hapa Fizi, maana tumechoka kupatanishwa katika hoteli za nje. Na mkimbizi wa Lusenda alindwe kama mgeni wetu, asitumike kama kuni za moto wa mtu mwingine.

Uhuru wa 1960 tuliupata tukiwa hatuna maofisa, hatuna madaktari, hatuna wanasheria. Udhuru huo tulikuwa nao wakati ule. Leo shule zimejaa na vyuo vipo, na nchi hii ni kubwa kuliko Rwanda, Burundi na Uganda zikiwekwa pamoja mara kadhaa. Upana wa ardhi si nguvu. Nguvu ni watu waliopatana, serikali inayosikia, na jeshi linalolipwa. Jirani huyajua hayo, nasi tuyajue.

Ndugu zetu wa Makobola, Mboko, Lusenda na Baraka, atakayekuja kuwaambieni kwamba jeshi fulani liko njiani kuja kuwaokoeni, msimtukane wala msimshangilie. Mkalisheni kitako, mpeni maji, mumwulize yale maswali matano. Akiyajibu yote, tutakuwa tumepata rafiki. Asipoyajibu, mumwambie arudi akayaulize kwa waliomtuma.